Shilingi Saba Zilizopita Mlango wa Nyuma

Asubuhi ya tarehe 15, kondakta wa matatu ninayopanda kutoka Githurai alitutangazia kwamba nauli imeongezeka kwa shilingi 20, na abiria mmoja alipodai sababu, akajibiwa kwa neno moja tu: "Mafuta." Hakuna aliyebisha, kwa maana sote tulikuwa tumesikia EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini Kenya, ikitangaza bei jioni iliyotangulia. Kilichoniudhi ni kwamba bei iliposhuka hapo nyuma, kondakta huyo huyo hakuwa na tangazo.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba barabara hazijitengenezi zenyewe, na kwamba mwenye gari kubwa hulipa zaidi kituoni kuliko mwenye bodaboda. Hata hivyo, kodi ya mafuta hupendwa na watawala kwa sababu nyingine: hukusanywa kimya kimya, kabla mlipaji hajajua kwamba amelipa. Mwaka 2018 kelele zetu ziliishusha VAT ya mafuta kutoka asilimia 16 hadi 8; mwaka 2023 ikarudishwa 16, na kufikia Septemba petroli jijini Nairobi ikauzwa shilingi 211.64 kwa lita.

Hila iliyokomaa zaidi ilikuja mwaka 2024. Rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, uliojaa kodi mpya, siku moja baada ya vijana walioupinga kuingia Bungeni tarehe 25 Juni, nasi tukadhani kwamba tumesikika. Wiki tatu hazikutimia kabla ya tozo ya matengenezo ya barabara kupanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, si kwa mswada ambao tungeupigia kelele, bali kwa agizo la wizara. Tena wakati ulichaguliwa kwa ustadi wa kusifiwa, kwa kuwa gharama ya kuagiza mafuta ilikuwa imepungua, hivyo zile shilingi saba zikameza nafuu yetu na petroli ikashuka kwa shilingi moja. Tulipaswa kushukuru kwa hiyo shilingi moja!

Mwaka uliofuata, shilingi hizo hizo saba ziliwekwa dhamana ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi malimbikizo yao. Sidai kwamba wanakandarasi wasilipwe, kwani wamo waliofilisika wakiisubiri serikali, lakini fedha tuliyoambiwa ni ya kuziba mashimo sasa inalipia barabara za zamani, na mashimo ya mtaani kwetu yangali yanasubiri.

Kuhusu mafuta taa, yaliyoongezewa tozo ya shilingi 18 mwaka 2018 ati kukomesha uchakachuaji wa dizeli, waulizwe wanaopikia stovu kule Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi.

Ninachodai ni kidogo: risiti ya kituo cha mafuta ioneshe kila tozo na kiasi chake, mstari kwa mstari. Ingawa mimi, abiria wa matatu ninayezilipa zote, hata hiyo risiti sipewi.