Papa Wachache, Lawama Nyingi

Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, takriban wahakiki saba kati ya kumi wameipitisha Open Water, filamu ya Chris Kentis kuhusu mume na mke wanaosahauliwa baharini kwenye maji yenye papa. Watazamaji wa kawaida walioipenda ni kama theluthi moja. Kwa filamu za wanyama wauaji hiki ni kioja, maana tumezoea kinyume chake: mhakiki hukunja uso, mtazamaji akatafuna bisi zake kwa raha.

Wanaoiponda wana hoja. Picha zilirekodiwa kwa kamera ndogo ya dijitali, rangi zimepauka, na dakika za mwanzo, kabla wahusika hawajaingia majini, zinajikokota kweli. Mazungumzo ya nchi kavu hayana uhai. Kisha mtu aliyelipa kiingilio ili aone papa anasubiri, anazidi kusubiri, na anachopata kwa wingi ni wanandoa wakilaumiana kuhusu nani alilazimisha likizo hiyo. Filamu nzima ni dakika 79, na wapo wanaoapa kwamba hata hizo ni nyingi.

Lakini nani aliwaahidi dude la kutisha? Kentis na mkewe, mtayarishaji Laura Lau, walitumia kama dola 130,000, wakirekodi wikendi na sikukuu. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2004, kampuni ya Lions Gate iliinunua kwa dola milioni 2.5, na mwishowe ikaingiza takriban milioni 55 duniani kote. Tarakimu hizi husimuliwa kama ngano ya maskini aliyeokota dhahabu. Mimi naona humo humo ndimo hasira ilimozaliwa. Aliyelipa karibu mara 20 ya gharama za kutengeneza filamu hawezi kuitangaza kama tamthilia ya watu wawili wanaoelea. Ataitangaza kama mrithi wa Jaws, ile filamu maarufu ya papa muuaji. Agosti ya mwaka huo ikasambazwa katika majumba zaidi ya 2,000, kipindi ambacho watu hutafuta mshindo. Kazi iliyowafaa wachache wenye subira ikapelekewa umati, na umati ukahukumu tangazo. Zile milioni 55, kwa maneno mengine, zina tiketi nyingi za watu waliotoka wakinung'unika.

Sikubaliani pia na wale wanaoisifu kwa huruma, eti kwa pesa ile wamejitahidi. Sifa hiyo inauchukulia uhaba kama kilema cha kusamehewa, wakati uhaba ndio uliotengeneza woga wenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za papa wa mashine wala wa kompyuta, waigizaji Blanchard Ryan na Daniel Travis waliwekwa baharini, huko Bahamas, pamoja na papa halisi waliovutwa kwa chambo, huku wamevaa kinga ya minyororo ya chuma ndani ya suti zao za kuzamia. Papa halisi hafuati muswada. Anapita, anageuka, pezi linachomoza na kutoweka, na huwezi kujua kama amekuona au hana habari nawe. Kamera nayo mara nyingi imekaa usawa wa maji, kwa hiyo mtazamaji haoni mbali kuliko wale wawili. Wimbi moja tu likiinuka, dunia imeishia hapo. Usiku wa dhoruba skrini inakuwa nyeusi tii, ikiangazwa na radi peke yake. Bajeti nono ingeleta taa, na taa zingeua tukio.

Kuna jambo jingine linalopitwa na wanaohesabu papa. Kosa linalowaangamiza wawili hawa ni la hesabu. Mzamiaji mmoja aliyesahau barakoa yake anabaki chomboni, kisha anampata mwenzake wa kurudi naye majini. Mhesabuji anaweka alama mara mbili pasipostahili, idadi ya 20 inatimia kwenye karatasi, na boti inaondoka. Hakuna mwovu wala njama. Papa wanakuja baadaye kumalizia kazi iliyoanzwa na kalamu. Mhakiki wa filamu wa Marekani Roger Ebert, aliyeisifu mno, alivutwa na woga wa aina hii, na naona alisoma filamu kwa usahihi kuliko waliolalamika kwamba hakuna kinachotokea.

Lawama moja inanishinda kuiondoa. Kisa kilichoizaa kilitokea Januari 1998 kwenye Great Barrier Reef, Australia: wanandoa Wamarekani waliachwa na boti ya wazamiaji, na kutokuwepo kwao kukagunduliwa siku mbili baadaye. Miili yao haikupatikana, na hakuna ajuaye walikufaje. Kentis alibadili majina na mahali, jambo la staha, lakini filamu inafunguka kwa kudai kwamba imetokana na matukio ya kweli, kisha inawapa wafu ugomvi wa chumbani na inachagua papa kuwa jibu. Ningewaelewa zaidi watazamaji wale kama hasira yao ingeanzia hapo. Wao walidai papa zaidi, yaani walitaka sehemu ambayo hakuna shahidi wake ndiyo irefushwe.