Mfamasia aliyerudisha maboksi ya msaada hakukosa moyo

Mwezi uliopita jumuiya yetu hapa Moshi ilikusanya dawa za kupeleka Sudan, ambako wanapigana tangu Aprili 15, 2023. Yakajaa maboksi matatu. Dada mmoja mfamasia, muumini mwenzetu, akaombwa ayapange vizuri. Akarudisha mawili.

Alinifungulia nione. Karatasi ya amoksilini iliyokatwa kwa mkasi, vimebaki vidonge vinne, na tarehe imeondoka na kile kipande kingine. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, imeshafunguliwa, sukari imegandia shingoni na sisimizi amekufia kwenye kifuniko. Kibahasha cha vidonge vya presha, jina la marehemu bado limeandikwa kwa kalamu. Jumapili iliyofuata maneno yakaanza pale nje: watu wanakufa huko, yeye anasoma tarehe! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na dada wa watu akageuka kuwa ndiye asiye na moyo.

Nadhani ameonewa.

Wanaomlaumu si wajinga. El Fasher, mji wa Darfur huko Sudan, ilizingirwa zaidi ya mwaka mzima, hospitali zake zikashambuliwa, hadi mji ukaanguka Oktoba 2025. Daktari aliye mahali kama pale ukimtumia hela badala ya dawa, atanunua wapi? Tena tarehe ya kwenye pakiti haina maana kwamba dawa hugeuka sumu usiku wa manane. Vidonge vingi vikavu, vikitunzwa penye ubaridi na bila unyevu, hubaki na nguvu hata baada ya siku ile. Kama ni mimi nimelala wodini na mguu unanuka, ningemeza bila kuuliza.

Lakini hoja hiyo ni ya mgonjwa ambaye tayari ana kidonge mkononi. Sisi tulioko huku tunaamua kipi kipakiwe, na hapo ndipo tunapoifanya dawa kuwa mitumba. Pale soko la mitumba la Memorial belo likifunguliwa, shati lenye tobo unalitupa pembeni, halijamdhuru mtu. Dawa haina uungwana huo. Mwaka 1993 huko Lithuania wanawake 11 walipoteza uwezo wa kuona kwa muda baada ya kupewa closantel iliyokuja kama msaada bila maelezo ya kueleweka. Closantel ni dawa ya minyoo ya mifugo.

Na kuna Bosnia, ambayo kila nikiifikiria nashindwa kuiacha. Katika vita vya 1992 hadi 1995 na miezi iliyofuata, dunia nzima ilitoa kwa moyo kweli kweli. Watafiti waliokwenda kukagua walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya dawa zilizopokelewa hazikufaa, na kufikia katikati ya 1996 tani 17,000 za dawa zisizotumika zilikuwa zimerundikana kwenye maghala na vituo vya afya. Tani 17,000! Pakia tani 30 kwa kila semi, utahitaji semi zaidi ya 560. Zipange mkia kwa pua kuanzia Moshi mjini kuelekea Boma Ng'ombe, na foleni itakaribia kilomita 10. Kuziteketeza kulikadiriwa kugharimu dola milioni 34, yaani dola 2,000 kwa kila tani ya kitu kilichotolewa bure. Dawa nyingi huwezi kuzimwagia petroli nyuma ya jengo. Zinataka tanuri lenye joto kali kuliko vichomeo vya kawaida vya hospitali zetu. Eritrea, nao wakiwa vitani mwaka 1989, walipokea malori saba ya aspirini iliyoisha muda. Kuichoma kulichukua miezi sita.

Sasa rudi kwenye mji uliozingirwa, maana ndio mfano wanaomtupia dada yetu usoni. Mji wa namna ile hauingizi kila lori linalofika. Linaweza kupita moja, baada ya wiki za kubembeleza vizuizini. Kila boksi la vidonge vya presha vya marehemu limekalia nafasi ya ketamini ya kumlaza mtu kabla ya kukatwa mguu, au dripu, au oksitosini ya mama anayevuja damu. Na likishafika, nesi aliyekesha siku mbili ndiye atakayekaa chini kuchambua lugha asiyoisoma. Kwa hiyo vita ndiyo sababu ya kuchambua huku kwetu, tena kwa ukali zaidi kuliko wakati wa amani.

Sisemi misaada ya dawa ni takataka. Mectizan, dawa ya usubi, imekuwa ikitolewa bure tangu 1987, na watu wa Mahenge wanaoujua ugonjwa huo unaopofusha hawahitaji kuelezwa na mimi. Wazee wetu wanakumbuka masanduku ya dawa yaliyoanza kwenda zahanati miaka ya 80; mara nyingine dawa ya malaria iliisha mapema na nyingine zikabaki, lakini mganga alijua kilichomo kabla hajafungua. Vifurushi vya dharura vya leo vinafuata njia hiyo: kimoja kamili kinapangwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996, na ndani yake yamo yale yale ya dada yetu: kwa kawaida dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja, na isiwe iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa mwingine ikarudishwa.

Boksi la tatu lilikubaliwa, na karibu lote ni ORS ya wanaoharisha na glavu. Yale mawili yapo chini ya ngazi za ofisi ya jumuiya. Mweka hazina ameuliza kuyateketeza kihalali ni shilingi ngapi, na tangu alipoleta jibu hakuna aliyejitolea kulipa.