Nyumba za Mji wa Kale: nani alipe gharama ya kuzihifadhi?

Kila ghorofa jipya linapochomoza Mji wa Kale wa Mombasa, ubishi ni ule ule: wahifadhi wanalia kwamba mji unakufa, wenye nyumba wanauliza waishi wapi. Mimi niko na wahifadhi, ila hoja ya wenye nyumba imepuuzwa mno.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Chokaa huuacha unyevu upumue na kutoka. Ukipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, jiwe likaanza kumomonyoka na plasta ikabambuka. Mwenye nyumba akiona hivyo husema imezeeka, heri ivunjwe. Mara nyingi uzee hauna kosa, kosa ni la saruji.

Lakini tumwambie nini? Chokaa ni kazi ya polepole, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Wa nakshi vilevile. Nyumba yenyewe ni ya urithi, warithi ni wengi, na hakuna aliye tayari kutoa fedha peke yake. Kwa kuwa mtaa ni eneo la hifadhi, akitaka kujenga lazima apate kibali, ila gharama ni zake.

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011, na mgeni hulipa kiingilio. Akitoka hapo huingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kupiga picha roshani na milango, na mwenye roshani hapati kitu. Sehemu ya kiingilio hicho ingenunua chokaa na kufundisha vijana ufundi. Kaunti nayo ingepunguza kodi ya ardhi kwa anayekarabati inavyopasa. Na ndani ya nyumba, waachiwe: choo kipya au jiko la kisasa haliharibu historia.

Nisipokubaliana na wenye nyumba ni kwenye urefu. Ghorofa likipita mapaa ya vichochoro vya mtaa wa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, jirani hukosa upepo na mwanga, na ukuta wake wa matumbawe huchimbiwa msingi ubavuni. Hasara hiyo inampata mtu ambaye hakuna aliyemwomba ridhaa.