Lugha ikikosa neno, akili nayo inakosa kitu?

Juzi jioni pale soko la Majengo hapa Dodoma tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anasema Kiswahili kina rangi tatu tu za kwake, nyeupe, nyeusi na nyekundu, hizo ndo zinafuata ngeli, kitambaa cheupe, mlango mweupe, zingine zote tumeazima kwenye vitu, kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na bluu ndo kabisa tumeitoa kwa Waingereza. Af akamalizia kwamba wazee wetu hizo rangi hawakuwa nazo kichwani maana hawakuwa na majina yake. Mi nilikataa palepale, ila nilivyorudi nyumbani nikaona nusu ya hoja yake ina ukweli, na hiyo nusu imeninyima usingizi.

Nianze na nusu ninayoikataa. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha lugha nyingi za dunia wakasema lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi ya rangi, basi huwa ni hayohayo, cheupe, cheusi na chekundu, kwa hiyo Kiswahili hakina kilema hapo. Na kulitoa jina kwenye kitu sio kwamba hukuona. Nenda kwa mama yeyote anayeuza vitenge mwambie unataka damu ya mzee, atakutolea yenyewe bila kuichanganya na nyekundu wala kahawia. Jicho liliona kwanza, jina likafuata.

Sasa njoo kwa Warusi. Wao hawana bluu moja, wana goluboy iliyopauka na siniy iliyokolea, kila moja jina lake. Kwenye utafiti uliotoka 2007 walipimwa kasi ya kutofautisha bluu zinazokaribiana, zikiangukia kwenye majina mawili walikuwa wepesi kuliko zikiwa ndani ya jina moja, wenzao wanaoongea Kiingereza hawakuonyesha hilo. Halafu walipoambiwa warudierudie namba kimoyomoyo huku wanajibu, ule wepesi ukapotea! Yani macho yao ni yaleyale kama yetu, ila neno lilikuwa linawasaidia kwa ndani, ukilipa kazi nyingine msaada unakatika.

Kwenye namba jamaa yangu anapata nguvu zaidi. Wapirahã wa Amazon kule Brazil lugha yao haina maneno ya kuhesabu idadi kamili, na utafiti wa 2008 ulionyesha kwamba ukiwapangia vitu mbele yao wanapanga vya kwao vikalingana vizuri tu, ukivificha wakabaki kutegemea kumbukumbu ndo wanaanza kukosea. Neno la namba ni kamba, unafunga idadi ili isikuponyoke ukigeuza shingo. Lakini babu yangu kule Chamwino jioni ng'ombe wakiingia zizini sijawahi kumuona anahesabu, anasimama tu mlangoni, wakiisha kupita anasema yule mwenye baka begani hajarudi, na kweli hajarudi. Alikuwa na kundi zima kichwani kwa sura, na namba peke yake isingemwambia ni ng'ombe yupi.

Ila kama kuna alama inayoshika ubongo wenyewe ikaupanga upya basi ni herufi, na hapa sibishani na mtu. Mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Mfaransa Stanislas Dehaene na wenzake walitoa utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, wapo wasiojua kusoma kabisa, wapo waliojifunza ukubwani na wapo waliosoma toka utotoni. Kuna sehemu chini nyuma ya ubongo upande wa kushoto ambayo kwa anayejua kusoma inaamka akiona maandishi, hata kama kajifunza mtu mzima, na kazi iliyokuwa inafanya kwenye sura za watu inapungua kidogo. Maandishi yana miaka elfu chache tu duniani, ubongo haukuwa na chumba chake, yameingia kwenye chumba cha mwingine yakasogeza vitu. Nikamkumbuka bibi, yeye ni wa kisomo, kile kilichopamba moto Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mpaka leo lori likipita lazima asome ubavuni, hata akiwa amechoka, anasema akiliangalia tu maneno yanamuita.

Hata hivyo neno sio jela. Sisi tunaona simu imeandika 8:00 mdomo unasema saa mbili, kila siku toka tunazaliwa, na wala hatuchelewi kazini kwa sababu hiyo. Alama inasema nane, neno linasema mbili, kichwani tunajua jua limefika wapi.

Kinachoniuma mimi ni shuleni. Mtoto wa dada yangu yuko sekondari, msingi kasoma kwa Kiswahili, sasa ghafla kila kitu Kiingereza, na maana ya osmosisi, yani maji kupenya utando mwembamba kwenda upande wenye sukari au chumvi nyingi zaidi, anaimwaga yote bila kukosea neno hata moja. Siku hiyohiyo alikuwa ameloweka zabibu kavu, hizi zetu za Dodoma, anaziangalia zinavimba. Nikamuuliza kwa nini zinavimba, akasema anko zinanyonya maji, basi. Neno analo, zabibu anazo, na havijawahi kukutana. Nikamwambia ndo hiyo osmosisi unayoikariri. Akanyamaza muda, af akachukua bakuli la pili, akakoroga maji na chumvi nyingi, akatumbukiza zingine. Asubuhi aliniamsha nikaone, zile za chumvi zilikuwa bado zimesinyaa.