Zodiac: mwisho ambao kila mtu anasema haupo

Filamu ya Zodiac ya David Fincher ilitoka mwaka 2007, na mpaka leo watazamaji wake hawajapatana. Wanaoipenda huirudia tena na tena, na kila wakirudi wanaona kitu ambacho kiliwapita. Wasioipenda wana swali moja, na wanaliuliza kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa: nimekaa dakika 157, muuaji yuko wapi?

Hasira hiyo siicheki. Picha za wauaji wa mfululizo zina makubaliano yake na mtazamaji, japo hakuna aliyeyaandika. Unakubali kutishwa na kukosa usingizi, na malipo yako ni kwamba mwishoni steringi atamfikia adui. Zodiac inachukua hofu yako yote kisha inakuacha kwenye mataa. Ndivyo wengi wanavyoiona. Mimi naona kasoro yake iko kwingine kabisa, ila kabla ya kufika huko tuwape haki yao wanaolalamika.

Kwa asiyeijua: mtu aliyejiita Zodiac aliua watu watano kaskazini mwa California, Marekani, kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, na wengine wawili wakanusurika. Yeye mwenyewe alifika kudai 37. Aliandikia magazeti barua zenye maandishi ya mafumbo, akitishia kuua zaidi kama hayatachapishwa ukurasa wa mbele. Hakukamatwa. Filamu inawafuata watu watatu ambao hakuwagusa kwa kisu wala bastola lakini kesi yake ikawamaliza. Robert Graysmith, mchora katuni wa gazeti la San Francisco Chronicle, anaigizwa na Jake Gyllenhaal, naye anaishia kuondokewa na mke. Paul Avery, mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti hilohilo, ni Robert Downey Jr., na pombe inamla taratibu. Mpelelezi Dave Toschi ni Mark Ruffalo, naye inafika siku anatuhumiwa kughushi barua ya muuaji yuleyule aliyemtafuta kwa miaka.

Lalamiko la kwanza ni urefu, na lina msingi. Mauaji yote tunayooneshwa yanakwisha kabla ya saa ya kwanza kwisha. Kinachofuata ni ofisi: simu, mafaili, kahawa, wapelelezi wa Vallejo, Napa na San Francisco ambao kila mmoja ameshika kipande chake cha ushahidi na hajui mwenzake ana nini. Ofisi nyingine haina hata faksi, karatasi inabidi ziende kwa posta. Miaka inapita kwa jengo refu la umbo la piramidi kujengwa mbele ya macho yetu ndani ya sekunde chache. Aliyekuja kutafuta mbio na milio ya risasi ana haki ya kuangalia saa yake.

Lakini wanaoitetea nao wana jibu, na jibu hilo ni tukio la kando ya Ziwa Berryessa. Ni mchana kweupe. Kijana na msichana wamejilaza kwenye blanketi. Mtu aliyefunika kichwa kwa kofia nyeusi mpaka mabegani anakuja na bastola, anasema ametoroka jela na anataka gari na pesa. Hakuna muziki wa kututayarisha. Kijana anaongea naye kwa adabu, kama mtu anayemtuliza mlevi, na wakishafungwa kamba anamuuliza kama ile bastola kweli ilikuwa na risasi. Yule mtu anamwonesha risasi. Halafu anachomoa kisu.

Tukio zima ni la dakika chache, na nadhani ndilo linaloifanya filamu iweze kukaa ofisini kwa saa mbili zilizobaki bila kupoteza nguvu. Kila simu inapolia baadaye, kila mtu anaposhuka ngazi, mwili wako unakumbuka blanketi lile. Fincher hahitaji maiti nyingine kila baada ya dakika ishirini, kwa sababu hofu ameshaipanda. Kwa hiyo anayesema filamu inachosha na anayesema inatisha wanaweza kuwa wanaongelea dakika zilezile. Tofauti ni kama Berryessa ilimwingia au ilimpita.

Kuna kundi la tatu, dogo, ambalo halijali urefu wala mwisho. Hao wanauliza kwa nini damu ya watu halisi igeuzwe burudani. Swali zito, na kwa picha nyingi za aina hii sina utetezi. Kwa hii ninao kidogo. Fincher alijiwekea sharti la kuonesha mashambulizi yaliyoacha manusura au shahidi tu. Mauaji ya Desemba 1968, ambayo hakuna aliyebaki kuyasimulia, hayamo. Na muuaji wa matukio yanayooneshwa si mwigizaji mmoja. Wamo tofauti, kwa kuwa mashahidi wenyewe walimweleza kwa namna tofauti. Fikiria maana yake: unatazama ukidhani unamtafuta mtu mmoja, kumbe mwongozaji amekubadilishia miili nyuma ya barakoa ili usiweze kumshika hata kwa kumkariri umbo. Huo ni uaminifu ambao sijauona mara nyingi.

Hapo ndipo ninapoachana na kambi zote mbili kubwa. Wanaochukia wanasema filamu haina mwisho. Wanaoipenda wanasema vilevile, ila wao wanaita ushujaa: filamu iliyothubutu kukiri kwamba hatujui. Wote wanakubaliana mwisho haupo. Mimi nasema upo, una jina, na jina lake ni Arthur Leigh Allen, mtu ambaye polisi walimshuku.

Mkumbuke kwenye kiwanda cha mafuta. Wapelelezi watatu wamemkalisha kwenye chumba cha mapumziko. John Carroll Lynch, anayemwigiza, amekaa amekunja miguu, mtulivu kama aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Bila kuulizwa anataja visu vilivyokuwa kwenye gari lake, eti damu iliyokuwamo ilikuwa ya kuku. Kisha macho yanashuka mkononi: saa yake ni ya kampuni iitwayo Zodiac, yenye alama ileile ya duara na msalaba iliyo kwenye barua. Wapelelezi wanatazamana, nasi tunatazamana nao. Anaongeza kwamba yeye si Zodiac, na hata angekuwa yeye asingewaambia. Nani anatoka kwenye tukio hilo akiwa bado na shaka?

Ila alama za vidole vya Allen hazikulingana na zilizokuwapo. Mwandiko wake haukulingana na wa barua. Mwaka 2002, miaka kumi baada ya yeye kufa, vinasaba vilivyopatikana kwenye bahasha moja ya Zodiac havikuwa vyake. Hakuwahi kushtakiwa. Filamu inalitaja jambo la vinasaba, ndiyo, lakini kwa maandishi mwishoni kabisa, wakati watu wanatafuta viatu vyao. Uso wa Lynch umekaa nasi zaidi ya saa nzima, maandishi yale yanapewa sekunde. Ukipima hukumu kwa muda uliotolewa kwa kila upande, jibu liko wazi. Jaribu kumuuliza anayelalamika kwamba muuaji hakujulikana ni nani anayemshuku, uone atakavyokujibu bila kusita.

Chanzo chake si siri. Filamu imejengwa juu ya vitabu vya Graysmith, na Graysmith aliamini ni Allen. Mtetezi atasema, na ana hoja, kwamba filamu inajua hatari hiyo na imeiweka humohumo. Kuna usiku ambapo Graysmith anamfuata mfanyakazi wa jumba la sinema nyumbani kwake, anateremka naye hadi chumba cha chini ya nyumba, anasikia sakafu ikilia juu yake, na anakimbia akiwa na hakika amenusurika kifo. Yule mtu hakuwa na kosa. Ilikuwa hofu tu, na filamu inatuonesha jinsi mtu aliyechoka kutafuta anavyoweza kumvika uovu yeyote aliye mbele yake. Tukio hilo nalipenda kuliko yote. Ndiyo maana nasikitika kwamba somo hilohilo linasahaulika filamu inapomrudia Allen.

Muda, kwa upande wake, umeongeza jambo. Ndani ya filamu kuna mtu anayepiga simu kwenye kipindi cha televisheni akijidai ni Zodiac, na watazamaji wanasikiliza. Desemba 2020, miaka 51 baada ya kutumwa, fumbo la herufi 340 lililowashinda wataalamu lilifumbuliwa na watu watatu waliolifanyia kazi kwa hiari yao, mmoja Marekani, mwingine Australia na mwingine Ubelgiji. Ndani yake muuaji anasema yule wa kwenye televisheni hakuwa yeye. Jina lake hakulitaja. Walioiponda filamu kwa kutotoa jibu sasa wanajua kwamba hata barua yenyewe ilipofunguka haikuwa nalo, kwa hiyo subira ya filamu ilikuwa na haki. Kidole ilichomnyoshea Allen ndicho kilichoharakisha.

Tukio la mwisho ni la 1991: manusura wa shambulio la Julai 1969 anaoneshwa picha na kumchagua Allen. Hapo filamu inatia muhuri. Kama mkasi ungekuwa mkononi mwangu ningekata dakika chache kabla, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwaka 1983. Graysmith amesema siku zote kwamba anachotaka ni kusimama mbele ya mtu huyo, amtazame machoni, ajue ni yeye. Anaingia. Allen yuko kazini, anamuuliza kama anahitaji msaada. Graysmith anajibu hapana, lakini haondoki, na wanaangaliana bila neno. Uso wa Allen unabadilika kidogo. Unaweza kuwa uso wa mtu aliyegunduliwa, au wa muuza duka anayemshangaa mteja asiyetaka kununua kitu.