Mwizi wa Kuku

Bogenvilia zangu sita zilipoanza kunyong'onyea, mtuhumiwa nilikuwa naye tayari: Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kimara. Wiki ileile alipita akasema, "Maua ya watu yanavyong'aa!" Mashallah hakusema.

Lakini sikukurupuka, nilichunguza. Mchwa? Hamna. Maji? Udongo umelowa chapachapa, ila majani yananing'inia kama hayajaona tone tangu masika. Basi nikajua zina njaa. Nilikuwa na viroba viwili vya mbolea ya kuku wa nyama, imetoka bandani na maranda yake, bado inachoma pua. Nusu ya kiroba zilishakula; nikazimalizia na nusu iliyobaki. Baada ya siku mbili majani yakaungua kingoni kama chapati iliyosahaulika jikoni.

Usiku nikajitanda kanga nyeusi ya mke wangu nisionekane, nikajibanza chini ya maua kuvizia, maana sasa niliamini kuna mtu anayamwagia maji ya jiki. Saa 8 vijana wa ulinzi shirikishi wakanimulika: mwanamume mzima, kanga, kachuchumaa gizani, ananuka banda.

"Mwizi wa kuku!"

Aliyeniokoa na virungu ni Mama Zuhura. Alichungulia juu ya ukuta, akasema kwa upole, "Mwacheni, ni Baba Neema. Ndivyo alivyo."

Asubuhi, kwa aibu, nikampelekea kile kiroba cha pili awekee mawaridi yake. Alishukuru mpaka nikazidi kuona haya.

Jumamosi nikamleta mzee anayeuza miche barabarani. Habari za husuda hata hakuzisikiliza. Alikwangua magome kwa ukucha: nne kavu, kahawia mpaka ndani, mbili bado kijani. Akang'oa moja kwa vidole viwili, mizizi imelainika kama tambi. Kisha akaushika mkono wangu, akauzamisha udongoni. Vuguvugu!

"Ulikuwa unapika?"

Kumbe mbolea ya kuku ikiwa mbichi ina chumvi na amonia kali, inaunguza mizizi, mti unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Ilitakiwa ioze kwanza, miezi kadhaa. Tukaikwangua yote, tukazimwagia zile mbili maji mengi kuisafisha chumvi.

"Ulisema viroba viwili," mzee akauliza. "Cha pili kiko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikavuka ukuta:

"Baba Neema eee! Hebu njoo uyaone mawaridi yangu. Kuna mtu ana kijicho mtaa huu!"