Kalamu Yangu Imelala Friza

Leo ni Jumapili, na Jumapili ni siku yangu ya sindano ya kupunguza uzito. Kwa wiki 10 nimeitimiza ibada hiyo kwa heshima zake zote: nanawa mikono, nakaa ukingoni mwa kitanda, nabana kipande cha tumbo ambacho sikukitumia wiki iliyopita (vipande vya kuchagua bado vipo, alhamdulillahi), nachoma, nahesabu polepole hadi 6, nachomoa, kisha natoka chumbani kwa mwendo wa mtu aliyerudi vitani. Asubuhi hii nimefungua jokofu, nikapeleka mkono kwenye rafu ya kati, mahali ambapo boksi langu hukaa, nikashika sufuria.

Sufuria ile naifahamu. Ni ya mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea kwa siku 3 na sasa yuko katika wiki ya 3, na ndani yake mlikuwa na chakula changu cha jana, cha juzi, na cha siku nyingine ambayo hata siikumbuki. Boksi nililikuta friza, chini ya mfuko wa barafu, na kalamu ndani yake, yaani ile sindano yenye umbo la kalamu inayobeba dawa yangu, imekakamaa kama samaki.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa kupandisha sauti. Dawa hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na kikaratasi chake kinasema bila kumung'unya maneno kwamba ikiganda hutupwa, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana haina neno. Kwa hiyo nilichokishika mkononi kilikuwa maiti, tena maiti yenye dozi 2 nilizokwisha kuzilipia. Nikajikaza, nikatafuta ile sauti ya adabu ambayo mtu huwawekea wakwe, nikaenda sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Samahani, mama, nilikuwa naulizia lile boksi langu dogo."

"Lile la mjusi?"

Kosa hili ni langu. Siku ya kwanza aliponiona najichoma, nilijifanya msomi nikamsimulia kwamba dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila, na kwamba kemikali hiyo inafanana na homoni ambayo utumbo wa binadamu huitoa baada ya mlo ili kuujulisha ubongo kwamba yatosha. Nikaongeza, kwa ufasaha ambao leo naulipia, kwamba homoni yetu ya kuzaliwa huvunjika ndani ya dakika chache ilhali dawa yangu hudumu mwilini hata zaidi ya wiki, na kwamba hii yangu hutengenezwa maabara na haina mjusi hata tone. Katika hotuba yote hiyo mama aliokota neno moja tu.

"Ndilo hilo, mama. Nilikuwa nimeandika juu yake kwamba lisihamishwe."

"Nimesoma. Na ubavuni pameandikwa liwekwe kwenye baridi. Nikasema mwanangu anapunjwa, maana baridi yenyewe iko huko juu."

"Lakini lilikuwa kwenye baridi tayari."

"Baridi ile ya kubabaisha? Halafu, sufuria ningeiweka wapi?"

"Sufuria ya nini, mama?"

"Ya chakula ambacho huli."

Hapo nilisimama nikaitazama hesabu yangu ikinirudia: dawa imenitoa hamu ya kula, chakula kisicholiwa kimejaza jokofu, na jokofu lililojaa limeiua dawa. Hakuna wakili ambaye angeichukua kesi hii. Nikajaribu kumweleza, kwa mara ya 5 tangu afike, kwamba dawa hulichelewesha tumbo kujimwaga, ndiyo maana vijiko vichache tu hunitosha kama aliyetoka karamuni, na kwamba chakula chake hakina dosari yoyote.

"Kwa hiyo wewe unatoa pesa ili ushibe?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na mimi ninayekushibisha bure, nimekukosea nini?"

Nikafungua mdomo nijibu. Badala ya jibu ikatoka mbweu, ile mbweu maarufu ya dawa hii, ndefu, yenye harufu ya yai viza. Mama akaisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akamwita binti yake aje ashuhudie jinsi mjusi anavyolia. Mke wangu, ambaye ndiye tuliyesoma naye kikaratasi tangu mstari wa kwanza, alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

Kilichonimaliza ni kwamba, baada ya kurudi chumbani kwa hadhi iliyobaki, nilikisoma tena kile kikaratasi nikagundua kuwa kalamu iliyokwisha kufunguliwa inaruhusiwa kukaa nje ya jokofu kwa wiki kadhaa, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ningeiacha kabatini pamoja na soksi ingekuwa hai mpaka sasa. Nilikuwa naitukuza rafuni kama taji la mfalme, kumbe naipeleka machinjioni.

Duka la dawa limejibu kwamba nipige tena kesho. Daktari amecheka.

Na watu nao! Nilipokuwa na kilo 104, kila aliyekutana nami alijipa ruhusa ya kunipapasa tumbo na kuniuliza mtoto anazaliwa lini. Nimefika 98, na walewale wananisogelea kwa sauti ya msibani wakitaka kujua kama nimepima. Mwenzangu mmoja kazini, alipoijua siri, alitamka mbele ya watu kwamba nimepita njia ya mkato. Mkato gani huu, jamani, wenye kichefuchefu kila dozi inapopanda, choo kinachokuja kwa miadi, na ambao, kwa mujibu wa utafiti, walioiacha dawa walirudisha ndani ya mwaka mmoja wastani wa theluthi mbili ya uzito walioupoteza? Nimekimbia alfajiri miaka, nimejinyima hadi nikaota chakula usingizini, na hakuna hata mmoja aliyeniita shujaa. Leo nikipata msaada, wote wamekuwa walinzi wa maadili ya mafuta yangu.

Basi nimehesabu siku. Dozi iliyokosekana huweza kuchomwa ndani ya siku 5, kwa hiyo nina mpaka Ijumaa kutafuta kalamu mpya na mahali pa kuificha. Nilikuwa katika mahesabu hayo jioni hii, nimesimama mbele ya jokofu nikipima kwa macho ukubwa wa sufuria, mama alipokuja akasimama kando yangu, akatazama mlangoni kama kuna mtu.

"Umepungua kilo ngapi, mwanangu?"

"Kilo 6, mama."

Akanyamaza kidogo, akashika goti lake la kulia.

"Na huyo mjusi wako, magoti anayajua?"